Mnaosema "haijawahi kutokea Kenya hii": ilitokea kwetu Pwani, na mlikuwepo

BintiMajengo

Hamjambo wote. Huu uzi ni mrefu, anayeweza avumilie.

Tangu vijana waanze kutekwa baada ya maandamano ya Mswada wa Fedha, Juni 2024, kuna maneno nimeyasikia redioni, kwenye matatu, kwa mawakili, hadi kwa wabunge: "Haya hayajawahi kutokea Kenya hii." Kijana wa miaka 20 akisema hivyo sina neno naye, alikuwa mtoto. Neno langu ni kwa watu wazima wenzangu, waliokuwa wakisoma magazeti mwaka 2012 na 2014 kama mimi.

Niseme mapema nisije nikaeleweka vibaya. Niko upande wa vijana wale. Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilipotoa hesabu mwishoni mwa Desemba 2024 kwamba watu 82 walikuwa wametekwa tangu Juni, na 29 hawajulikani walipo, sikulala vizuri. Wale vijana watano walipoachiliwa Januari 2025, akiwemo mchoraji Kibet Bull, nilimshukuru Mungu kama mama yeyote. Kelele zilizopigwa nchi nzima ndizo zilizowatoa, mimi siamini vinginevyo. Na hapo ndipo penye uchungu wangu, kwa sababu kumbe kelele zinaweza kupigwa.

Aprili 2012, hapa Mombasa, Samir Khan na rafiki yake Mohamed Kassim, mtu asiyeona, walishushwa kwenye gari la abiria na watu waliojiita polisi. Mwili wa Samir uliokotwa Tsavo. Kassim hajaonekana mpaka leo. Agosti 27 mwaka huohuo Sheikh Aboud Rogo alipigwa risasi akiendesha gari, mkewe ndani. Aprili 1, 2014 ikawa zamu ya Abubakar Shariff, tuliyemwita Makaburi, nje ya mahakama ya Shimo la Tewa. Rogo alikuwa na kesi mahakamani, na mengi aliyokuwa akiyasema mimi sikuyapenda wakati ule wala siyapendi sasa. Mahakama zipo kwa ajili ya watu kama hao hasa. Mtu ambaye kila mmoja anampenda hahitaji hakimu wa kumlinda.

Mwaka 2016 shirika la Haki Africa lilitoa orodha ya watu 81 wa Pwani waliouawa au kupotezwa tangu 2012, 24 kati yao wakiwa wale waliochukuliwa wasionekane tena. Najua 81 ile na 82 ya Tume hazihesabu kitu kimoja, sizilinganishi kama mizani ya sokoni. Ninachouliza ni hiki: ile ya pili ilijaza barabara za Nairobi, Nakuru na Kisumu. Ile ya kwanza ilijaza barabara gani?

Nawapa moja nililoliona kwa macho. Mtaani kwetu Majengo kulikuwa na fundi wa simu, kijana mpole, kibanda chake kinatazamana na duka la dawa. Walikuja watu wanne na gari jeupe mchana, baada ya Adhuhuri. Hawakukimbia, hawakupiga kelele. Mmoja alimwambia afunge kibanda kwanza, akafunga, akampa ufunguo yule kijana aliyekuwa akimsaidia, akapanda gari. Tuliona wote. Mamake alizunguka vituo vya polisi, kisha hospitali, kisha nyumba za kuhifadhia maiti, picha yake ya pasipoti ameifunga kwenye mfuko wa nailoni isilowe jasho. Kila kituo aliambiwa jina hilo halimo kwenye daftari. Kituo kimoja walimtaka arudi na barua ya chifu kuthibitisha kuwa ni mwanawe.

Kazini kwetu tulikuwa watu wa kila kabila. Nilipoeleza habari ile wakati wa chai, mtu ninayemheshimu, mcha Mungu, aliweka kikombe chini akasema: "Bure hachukuliwi mtu." Mwingine akasema akiwa hana hatia atarudi. Kisha mazungumzo yakahamia kwenye bei ya unga. Hawakuwa wabaya. Nilipofiwa na baba yangu, haohao ndio walionichangia na kuja kukaa matangani. Ila kwa fundi wa simu wa Majengo, mwenye kanzu na jina la Kiislamu, moyo ulikuwa na mlango mwingine, na ulikuwa umefungwa.

Februari 2014 polisi waliingia Masjid Musa, msikiti wa hapa Mombasa, na viatu, zaidi ya watu 100 wakakamatwa, wengine watoto. Aprili mwaka huo ukaja msako wa polisi ulioitwa Operesheni Usalama Watch. Eastleigh, mtaa wa Nairobi wenye Wasomali wengi, ukazingirwa, watu karibu 4,000 wakakamatwa kwa sura zao, wakarundikwa vituoni, wengine wakapelekwa uwanja wa Kasarani kuhakikiwa. Uwanja wa mpira! Wakenya wenye vitambulisho halali walikuwa humo. Ninyi mliokuwa Nairobi mwezi ule mlipita barabara ya Thika, kando ya uwanja ule, kila siku kwenda kazini na kurudi.

Siulizi ili mniombe msamaha, msamaha hautamrudisha mtu. Nataka tu mwache kusema haijawahi kutokea. Mkisema hivyo, mnatuambia kwamba sisi tuliotendewa hatukuwa Kenya.

Kinyua_Ruiru

Dada, pole kwa jirani yako, na sisemi hivyo kwa mdomo tu. Lakini umesahau upande mwingine, na mimi siwezi kuusahau.

Al-Shabaab walituua. Jengo la maduka la Westgate, Septemba 2013, watu 67. Mpeketoni, Juni 2014, wanaume walitolewa nyumbani mbele ya wake zao wakachinjwa. Basi la Mandera, Novemba 2014, abiria 28 waliuawa kwa sababu walishindwa kusoma shahada ya Kiislamu. Chuo Kikuu cha Garissa, Aprili 2, 2015, watu 148. Kati ya wale 148 mmoja alikuwa binti wa dada yangu. Alikuwa mwaka wa pili, anataka kuwa mwalimu. Tulimtambua kwa hereni, chumba cha maiti cha Chiromo.

Kwa hiyo unapotuita watu wasiojali, mimi najiuliza kama umewahi kuogopa kama tulivyoogopa. Tulikuwa tukipanda matatu tukitazama mizigo ya watu. Serikali iliposema inasaka wauaji tulisema sakeni. Huko hakukuwa kutojali. Tulikuwa na hofu, na hofu yetu ilikuwa na sababu.

BintiMajengo

Kaka Kinyua, Mungu ailaze roho ya binti yenu mahali pema. Nimeisoma habari ya hereni mara mbili na sina la kukujibu juu yake.

Juu ya hofu nina la kujibu. Nimeogopa. Hapa Mombasa maguruneti yalirushwa kwenye vilabu na kwenye matatu tunazopanda sisi pia. Ila nakuuliza kwa heshima: fundi wa simu alipochukuliwa, hofu yako ilipungua kwa kiasi gani? Wale 4,000 wa Eastleigh waliposombwa Aprili 2014, Mpeketoni ilikuja miezi miwili baadaye, Mandera miezi saba, Garissa mwaka mmoja. Hakuna hata moja kati ya hayo lililozuiwa na Kasarani. Tulitoa haki za watu wengine kama malipo ya usalama wetu, na usalama wenyewe hatukuletewa.

Na waliompuuza binti yenu siku ile unawajua. Kikosi maalumu cha polisi kilikaa Nairobi kwa saa nyingi kikisubiri ndege, waandishi wakafika Garissa kwa gari kabla yao. Hasira yako ina mwenyewe, na mwenyewe hakuwa fundi wa simu.

Mwalimu_Garissa

Nimesoma nikaona nichangie, kwa sababu mimi ni wa huku, na siku ya Chuo Kikuu nilikuwa mjini. Kaka Kinyua, tulitoa damu foleni nzima asubuhi ile. Sisemi ili unishukuru, ni ujue tu.

Binti Majengo ameanza hesabu 2012. Huku Kaskazini Mashariki hesabu inaanza Desemba 1963, wiki chache baada ya bendera kupandishwa. Hali ya hatari ilitangazwa, ikakaa hadi Novemba 1991. Miaka 28 hivi, mtu wa Garissa au Wajir anaweza kukamatwa na kuwekwa ndani kwa sheria ambazo mtu wa Nyeri au Kakamega hakuwahi kuzisikia. Mwaka 1970 Bunge likapitisha sheria ya kuwakinga maafisa wasishtakiwe kwa waliyoyafanya huku. Bunge la nchi nzima, si la mkoa wetu.

Februari 10, 1984, wanaume wa Degodia, ukoo wa Wasomali, walikusanywa kutoka Wajir na vijiji vyake, wakapelekwa uwanja wa ndege wa Wagalla. Waliwekwa juani siku kadhaa bila maji, uchi, kisha wakapigwa risasi. Serikali kwa miaka ilisema waliokufa ni 57. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano iliandika mwaka 2013 kuwa walikaribia 1,000. Aliyekwenda kuokota majeruhi na maiti porini alikuwa Annalena Tonelli, mwanamke wa Kiitaliano aliyekuwa akitibu kifua kikuu Wajir, na baadaye alifukuzwa nchini. Mbunge wetu Ahmed Khalif alisimama Bungeni kulisema. Nje ya hapo ulikuwa ukimya, na gazeti lilipofika mikononi mwa watu wa bara lilisomwa kama habari ya nchi jirani.

Mwisho wa 1989 Wasomali wa Kenya peke yao waliamriwa kwenda kuhakikiwa upya, wakapewa kadi ya rangi ya waridi ya kubeba pamoja na kitambulisho. Babangu alikuwa karani wa serikali. Aliibeba.

Dada, mimi sikushangaa ya 2014. Walioendesha Kasarani walikuwa wakifanya jambo ambalo lilishafanywa huku mara nyingi, na halikumgharimu mtu kazi wala kura.

Lowassa_wa_Handeni

Wakuu, niko upande wa Tanzania, nisameheni kuingilia. Huku nasi tuna yetu.

Juni 2022 Wamasai wa Loliondo walipopigwa risasi na mabomu ya machozi kwa kupinga mipaka mipya ya pori la akiba, nilikuwa Dar. Maoni niliyoyasoma humuhumu mengi yalikuwa "wahame tu, ng'ombe wanaharibu hifadhi, watalii wanatuletea dola." Mtu wa Kinondoni ambaye kiwanja chake kikiguswa sentimita 10 anakwenda mahakamani, ndiye anayesema mwenzake ahame na maboma yake yote.

Likaja la 2024. Watu wa Ngorongoro walikuta taarifa zao za mpiga kura zimehamishiwa Msomera, wilaya ya Handeni, mamia ya kilomita kutoka wanapolala. Agosti ikatoka notisi ya serikali kufuta kata 11 na vijiji 25. Kijiji kikifutwa hakuna mwenyekiti, hakuna mkutano wa kijiji, hakuna wa kukusainia hata barua ya utambulisho. Walifunga barabara ya kwenda kreta kwa siku kadhaa, na Mahakama Kuu Arusha ikaisimamisha ile notisi. Wengi tulikuja kujua kwa sababu magari ya watalii yalikwama. Magari yasingekwama tusingejua.

Salma_Kisauni

Wahenga walisema mwenzako akinyolewa zako tia maji. Wabara hawakutia maji, sasa wembe umefika. Justin Muturi alikuwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali, mwanawe akatekwa Juni 2024, na kwa maelezo yake mwenyewe ikabidi aende kwa Rais ndipo mtoto aachiliwe. Mwanasheria Mkuu! Ya Mungu mengi.

BintiMajengo

Dada Salma, hiyo methali nimekuwa nikiitumia miaka na sasa naiogopa kidogo, acha nieleze.

Kweli wembe umefika. Magari yasiyo na namba yaliyokuwa yakija Majengo na Kisauni ndiyo yaliyokuja kuonekana Nairobi na Embu. Vikosi ni vilevile na mtindo ni uleule, hata jibu la kituoni ni lile la jina halimo kwenye daftari. Aliyefundishwa kazi kwa Waislamu wa Pwani hakuisahau alipopelekwa Nairobi.

Lakini tukikaa na hoja hiyo peke yake, tunamwambia mtu wa Nyeri: jali haki ya Msomali kwa sababu kesho ni wewe. Na kama kesho si yeye? Kuna watu hawafikiwi. Mtu wa bara, mwenye jina la kawaida, asiyeandamana, asiyeandika chochote, ana uwezekano mkubwa wa kuishi miaka 80 asikanyagwe na yeyote. Wala kamati ya kuhakiki wanaoomba kitambulisho haikuwahi kumuuliza babu yake alizikwa wapi. Huyo ukimwambia "itakufikia" atapiga hesabu yake, na hesabu itamwambia haimfikii. Basi anarudi kwenye bei ya unga.

Mimi nataka huyo ashtuke hata akijua haitamfikia. Fundi wa simu alidhulumiwa siku ile saa nane mchana. Dhuluma ilikuwa imekamilika pale. Haikusubiri hadi 2024 imguse mtoto wa Mwanasheria Mkuu ndipo iwe dhuluma.

Angalieni mwaka 2016. Wakili Willie Kimani alitekwa pamoja na mteja wake Josephat Mwenda na dereva wa teksi Joseph Muiruri, miili ikapatikana mtoni Ol Donyo Sabuk. Mawakili waligoma kwenda mahakamani, watu waliandamana, na polisi walishtakiwa wakahukumiwa, ingawa ilichukua miaka sita. Inawezekana basi. Orodha ya watu 81 ilitoka mwaka huohuo na hakuna wakili aliyevua joho.

Kinyua_Ruiru

Nimerudi. Kuhusu vikosi kuchelewa Garissa uko sahihi, na familia zetu zilikwenda mahakamani kwa ajili hiyo.

Lakini kuna moja bado silikubali. Februari 2025 Rais alikwenda Wajir akatia saini kuondoa uhakiki wa ziada wa vitambulisho kwa kaunti za mpakani. Mpaka ule uko wazi, Al-Shabaab wako ng'ambo. Kitambulisho cha Kenya kinanunuliwa, tunajua sote. Na uchaguzi wa 2027 uko mlangoni. Nikiuliza maswali hapo, je, nimekuwa mbaguzi?

Mwalimu_Garissa

Kuuliza si kosa, kaka. Nakueleza uhakiki huo ulivyokuwa ndani, kisha uamue.

Mtoto wako Ruiru akifikisha miaka 18 anakwenda na cheti cha kuzaliwa na nakala ya kitambulisho chako. Anapigwa picha, anachukuliwa alama za vidole, anapewa karatasi ya kusubiri, amemaliza. Mwanafunzi wangu hapa, aliyezaliwa hospitali ya hapahapa na kufanya mtihani wa kidato cha nne hapahapa, alikuwa akisubiri siku ya kamati. Anakaa mbele ya chifu, wazee na maafisa wa usalama. Anaulizwa ukoo, tawi la ukoo, kitambulisho cha babu. Babu alikuwa mfugaji, alikufa kabla ya kitambulisho kuwa na maana kwake. Mzee mmoja akisema "huyu simjui", basi mwaka umepita. Wanubi wa Kibra wamepitia hivyohivyo, na babu zao waliletwa na jeshi la Waingereza zaidi ya miaka 100 iliyopita.

Bila kitambulisho hana laini ya simu kwa jina lake wala M-Pesa, mkopo wa chuo haupati, jengo la serikali haingii, na kura hapigi. Kwenye kizuizi cha barabarani anashushwa basini.

Na wale wanaonunua? Wanaonunua hawakai mbele ya kamati. Wanapita mlango wa nyuma kwa pesa. Kamati ilikuwa ikimsumbua asiye na pesa. Unataka mpaka ulindwe, hata mimi nataka, mimi ndiye ninayeishi karibu nao. Desemba 2015 basi la Mandera liliposimamishwa tena karibu na El Wak, abiria Waislamu walikataa kutengana na Wakristo, wakawapa hijabu na kofia. Mwalimu mwenzangu Salah Farah alipigwa risasi pale, akafariki Januari. Hata watoto wa mtu kama huyo wangepelekwa kamati.

Kinyua_Ruiru

Salah Farah namkumbuka. Hilo la kitambulisho cha babu sikulijua, mimi sikuwahi kuulizwa babu. Kuhusu rushwa na 2027 bado nina wasiwasi wangu, ila naona kamati haikuwa jibu lake.

Salma_Kisauni

Wamakonde wa Kwale nao. Wazee wao waliletwa kukata mkonge tangu miaka ya 1930, wajukuu wakazaliwa hapa bila uraia. Hadi walipotembea kwa miguu kutoka Kwale kwenda Nairobi Oktoba 2016 ndipo waliposikilizwa, wakapewa vitambulisho Februari 2017. Wapemba wa Kilifi wakangoja hadi Julai 2023. Sisi Waswahili wa mjini tulikuwa tukinunua samaki kwa Wapemba kila siku alfajiri, na ni wangapi kati yetu tuliowahi kuuliza kwa nini mvuvi yule anajificha akiona askari wa mwambao? Lawama za bara ni sawa, ila na sisi tuna wa kwetu tuliowapita.

BintiMajengo

Kweli kabisa, Salma. Na tuliwaita wageni, wao na wake zao waliozaa hospitali moja na sisi.

Dekha_Dadaab

Samahani kuingiza la kwangu. Mimi ni Mkenya, wazazi wangu wote wana vitambulisho. Nilipokuwa na miaka mitano kulikuwa na ukame, mamangu alituandikisha kambini Dadaab tupate chakula. Sasa nikiomba kitambulisho, alama za vidole zinaonyesha mimi ni mkimbizi. Nina miaka 26. Uhakiki ukiondolewa mimi nimepona?

Mwalimu_Garissa

Hapana binti yangu, hilo lako ni jambo tofauti. Ni usajili maradufu, na mko maelfu kwa maelfu. Kamati kuondolewa hakufuti alama zako kwenye kanzidata ya wakimbizi. Zifutwe huko kwanza. Nenda kwa shirika la Haki na Sheria hapa Garissa mjini, ndio wanaoshughulikia kesi hizi. Beba nakala za vitambulisho vya wazazi wote wawili, cheti cha kuzaliwa kama kipo, kadi ya chanjo, na barua ya shule ya msingi uliyosoma. Ukikosa cheti usibaki nyumbani, nenda hivyohivyo.

Kinyua_Ruiru

Dekha, kama kuna gharama ya safari au ya kutoa nakala, niandikie ujumbe wa faragha.